Lumbesa Siyo Gunia

"Andika, nakwambia! Lumbesa moja, gunia moja! Kuna ugumu gani hapo?"

"Siandiki, Mjomba."

"Huwezi au hutaki?"

"Kuweza naweza. Sitaki."

"Tariq! Umemsikia mwenzio?"

Tariq alikuwa amejibana kwenye kona, kati ya kabati na rundo la magunia matupu, anaangalia dari kama fundi anayetafuta panapovuja. "Mzee, mimi nimekuja kufunga laibrari tu," akasema. "Ya ukoo wenu siyajui."

Mjomba Melkiadi alikuwa amesimama, na akisimama kwenye kile kiofisi cha ghala hata hewa inapungua. Mimi nilikuwa nimekaa mbele ya kompyuta yake. Kwenye skrini kulikuwa na jina la mama yangu, Kandida, na mbele yake kumi na mbili. Mama alikuwa ameleta tisa.

Nirudi nyuma kidogo.

Wakati ule mkoa wa Manyara ulikuwa bado mpya, na kila mtu Babati alitaka kufanana na mji wenye mkoa. Mjomba naye akanunua kompyuta. Mimi nilikuwa nimemaliza kidato cha sita, matokeo yamenirudisha Sigino kwa mama, nazunguka na jembe kama mtu aliyedondosha kitu shambani. Mjomba akaja na pikipiki, akanywa uji, akasema, "Theodori, nitengenezee programu ya ghala. Mbaazi zinazoingia, za nani, kiasi gani. Ikifanya kazi, Januari nakupeleka chuo cha kompyuta Arusha." Na Mjomba akisema, anafanya. Sekondari yote ni yeye aliyenisomesha, na sikuwahi kumsikia akiitangaza.

Shida ni kwamba sikujua kutengeneza programu. Tariq ndo alijua kidogo. Alikuwa na steshenari karibu na stendi, na kitabu cha Haskell, lugha ya kuandikia programu, alichoachiwa na binamu yake, kina diski imebandikwa nyuma. Panya walikuwa wamekula sura mbili za mwanzo, tukaanzia ya tatu. Hatukuwa na habari kwamba kuna lugha nyepesi zaidi. Tulidhani kompyuta zote ndo zilivyo.

Kule hakuna kubadilisha. Ukishasema x ni tano, ni tano mpaka ufe. Ukitaka sita, tengeneza kitu kingine. Hakuna pia kuamuru "rudia mara kumi". Una orodha? Mshike wa kwanza, mmalize, halafu fankshen, kile kipande cha programu kinachofanya hiyo kazi, inajiita yenyewe iende kwa waliobaki, mpaka asibaki mtu. Siku nilipoelewa hilo nilikuwa natembea Bagara na mkate mkononi. Nikasimama katikati ya barabara. Mtu wa baiskeli akanitukana mpaka akaishiwa.

Na kompaila! Hiyo ndo inasoma ulichoandika kabla hakijaanza kufanya kazi. Ilikuwa kama mwalimu wa zamu getini, huingii hajakagua kucha. Eror moja ina mistari kumi na tano, ya Kiingereza kisichosemwa na mtu yeyote. Tukajifunza kusoma wa kwanza na wa mwisho tu. Lakini ikikupitisha, imekupitisha. Nilikuja kuipenda kwa hilo. Shuleni nilikemewa miaka na miaka, ila hakuna aliyewahi kunionyesha kosa langu liko mstari gani.

Laibrari ndo zilitutesa. Ni kazi walizokwisha kuzifanya wengine, wewe unazichukua unazitumia. Tulitaka moja tu, ya kupanga majedwali. Ikasema haiji bila nyingine. Nyingine ikasema haiji bila ya tatu. "Unamwalika mtu mmoja," Tariq akasema, "anakuja na shemeji, na shemeji hakai bila mama mkwe." Mtandao wa stendi ulimvuta mama mkwe asubuhi nzima, umeme ukakatika, tukaanza upya. Tulipompata, kumbe toleo la zamani, hataki kukaa na shemeji.

Basi, programu ikakaribia. Kila kitu kule lazima useme ni cha aina gani, nami nikaandika aina mbili: Gunia na Lumbesa. Sikuwa na nia yoyote. Ndivyo nilivyoviona ghalani. Gunia linashonwa mdomo ukiwa bapa. Lumbesa inajazwa, inashindiliwa, inaongezwa, halafu inasukiwa kichwa cha kamba juu, inasimama kama mtu kavaa kilemba. Wapagazi wenyewe hawachanganyi. "Lumbesa hiyo, njooni wawili!" wanaitana. Ikifika kwenye kuhesabu tu, ndo inaitwa gunia.

Nilipojumlisha, kompaila ikagoma. Mstari wa arobaini na moja: nilitegemea Gunia, umenipa Lumbesa.

Tariq akacheka. "Andika fankshen. Inaingia lumbesa, linatoka gunia. Mstari mmoja, twende tukale."

Nikaandika jina. Nikaandika alama ya sawasawa. Baada ya hapo sikujua niweke nini. Nikatoka, nikawaomba wapagazi wanipandishie lumbesa kwenye mizani, moja, ya pili, ya tatu. Gunia moja na theluthi, na ikikosea inakosea kwa kuzidi. Nikaweka hivyo. Kompaila ikanyamaza, na tisa za mama zikawa kumi na mbili. Hapo ndipo Mjomba alipoziona.

"Umeona wapi magunia yanazaana?" Mjomba alikuwa ameshusha sauti sasa, na hiyo ndo mbaya zaidi. "Babati nzima inapokea hivi. Nikijitia kupima na kulipa ya ziada peke yangu, msimu huu huu nafunga ghala. Mama yako ni dada yangu, tumbo moja. Umemsikia analalamika?"

"Hapana. Lakini anajua."

"Kila mtu anajua! Sasa kama wote tunajua, wewe unaandika nini?"

Nikageukia skrini.

Tariq akasogea, akaninong'oneza. "Theo, futa hizo aina. Ita zote namba tu. Kompaila haitauliza kitu."

Alikuwa sahihi. Nikafuta aina zote mbili na ile fankshen. Haikulalamika hata kidogo. Kandida, tisa.

Mjomba akaniwekea mkono begani. "Umeona? Kitu kidogo tu. Januari Arusha, mpwa wangu."

Mkono ulikuwa na vumbi la mbaazi, mzito, mkono wa mtu anayekupenda kweli. Nikauacha ukae. Halafu nikaandika tena nilichofuta, mstari kwa mstari, nikasevu. Kumi na mbili.

Mkono ukaondoka.

"Ukinyanyuka kwenye hicho kiti, chuo sahau."

"Nimesikia, Mjomba. Programu imo humo. Inafanya kazi."

"Theo," Tariq akaanza, hakumaliza.

Nikasimama, nikapita katikati yao. Mlango wa kile kiofisi ulikuwa unaburuza chini, ukiusukuma hovyo unapiga kelele ghala zima. Nikaunyanyua kidogo kwa mikono miwili, nikaufunga.