Birika la Bi Kulthum

Ridhwani alikaa miezi mitatu kwenye kiwanda cha saruji Mombasa, akarudi kwao kisiwani Amu, mtaalamu. Kazi yenyewe kule ilikuwa kufagia vumbi, lakini hilo hakuna aliyemuuliza, naye akaona si vizuri kujisema. Ila kitu kimoja alikiona kwa macho yake: majivu ya matanuri ya viwanda, yale ya kutupwa, yakioshwa, yakikaushwa na kuchekechwa, huchanganywa na saruji ikawa ngumu zaidi. Akaja na magunia manne.

Jirani yao, Bi Kulthum, alikuwa na birika la kutawadhia lililopasuka. Alilijenga marehemu Famau, babake Ridhwani, na kwa miaka arobaini halikuvuja tone. Mtaani walishaanza kusema ufundi wa nyumba ile umezikwa na mzee. Maneno hayo yalimchoma Ridhwani. Akajitolea kulipiga plasta mpya, bure, na Bi Kulthum akapewa somo la majivu kila asubuhi.

Ilibaki kuyaosha. Maji ya mfereji yalikuwa ya foleni, na mtaalamu hapangi foleni na ndoo. Akateremsha magunia matatu gatini, akayaosha kwa maji ya bahari. Maji ni maji, alijiambia, akajiona mjanja kweli.

Wiki mbili baadaye birika likajazwa, linang'aa. Bi Kulthum alikuwa amewaweka kwenye beseni samaki wake wadogo, wale wanaofugwa birikani wale viluwiluwi vya mbu. Ridhwani akamtia mmoja mbele ya majirani. Samaki akazunguka mara mbili, akageuka tumbo juu. Ridhwani akachota maji, akasukutua. Chumvi tupu.

Majirani waliondoka kwa adabu, na hilo lilimuuma kuliko kama wangemcheka. Akashika tindo, akaanza kuibandua kazi yake. Bwana mtaalamu, alijisema, hata ufagio ungeuliza kwanza. Akafika kwenye plasta ya babake. Ilikuwa na chembe nyeusi ndani. Akazikwaruza kwa ukucha.

"Ni majivu," akasema Bi Kulthum. "Ya tanuri la chokaa. Babako akiyaosha siku saba kwa mai ya kisima. Mimi na mamako ndio tuliokuwa tukimtekea."

"Mbona hukuniambia, Bi Kulthum?"

"Ulikuwa ukinifundisha, mwanangu."

Lilibaki gunia moja ambalo hakulifungua. Ridhwani akachukua ndoo mbili, akaenda mferejini, akasimama mwisho wa foleni.