Kabati la Kuombea Pemba

Kambale, mwenye duka, alilitupa kabati lile nyuma ya depo yake kwa sababu mchwa walikuwa wameimaliza miguu yake. Myriam alilikokota mwenyewe hadi kwake, mtaa wa Katuba, jasho likimtiririka, majirani wakidhani msiba umemharibu akili. Jumamosi ndugu za marehemu mumewe walikuwa wanakuja kumaliza kilio, na siku hiyo mjane huachiliwa au hurithiwa. Akiachiliwa hupakwa pemba, ule udongo mweupe, akawa huru. Asipopakwa, anakuwa mke wa mdogo wa marehemu, na mdogo mwenyewe alikuwa Godefroid.

Myriam alimwogopa Godefroid. Alimjua mke wake wa kwanza, Germaine, ambaye siku hizi hacheki hata akitekenywa.

Sasa, kuomba pemba kwa mikono mitupu ni matusi. Mjane huleta kitu, tena kisiwe cha marehemu, maana vya marehemu ni vya ndugu zake tayari. Nyumba nzima haikuwa na hata kijiko alichoweza kukiita chake. Vikabaki vile vilivyotupwa na watu. Mfa maji haachi kutapatapa.

Akakata miguu iliyooza, akapigilia mipya ya mbao za paleti. Akapiga msasa mpaka vidole vikachubuka. Milango akaipaka kijani, duara ndani ya duara, kibichi juu ya cheusi, mfano wa jiwe la malakiti lililopasuliwa. Antoine, jirani yake mfua shaba, akampa vipande vilivyobaki; akavichora kwa msumari na nyundo, ndege na majani, akavipigilia pembeni. Alifanya kazi huku analia na kuomba: Mungu, walipende, waniache niende. Na kabati likapendeza kweli, asikudanganye mtu.

Jumamosi Mama Kangwa, dada mkubwa wa marehemu, alikuja na pemba kwenye sahani iliyofunikwa kitambaa. Myriam akapiga magoti mbele yake, akalionyesha kabati.

“Mama, minaomba muniachilie. Zawadi yangu njo hii armoire. Haikukuwa ya bwana.”

Mama Kangwa akapapasa shaba. “Iko muzuri sana. Ulinunua wapi?”

“Sikununua, mama. Nilitengeneza na mikono yangu.”

Masikini, si angedanganya tu, aseme ni kazi ya fundi wa mjini! Lakini alikuwa amekesha na kazi ile, na moyo ulimsukuma kuisema. Godefroid akafungua mlango wa kabati, akaufunga, akaufungua tena. Halafu akaitazama mikono ya Myriam, bila haraka yoyote.

“Yaya,” akamwambia dada yake, “muntu wa mikono ya hivi, tutamwacha aende kutengenezea nani?”

Mama Kangwa akaipapasa shaba tena. Kisha akavuta kitambaa, akaifunika sahani vizuri. Chema chajiuza, husema watu. Hawasemi kwamba chaweza kumuuza na aliyekitengeneza.

“Mama, pemba,” Myriam akasema. “Minakuomba, mama.”

Mama Kangwa akaisogeza sahani kando. Ndipo Myriam alipoinuka, akashika patasi aliyolitengenezea kabati, akaanza kuing'oa shaba, ndege baada ya ndege, mbao zikipasuka. Godefroid akamshika mkono taratibu, kama mtu anayemzuia mtoto asimwage maji.

“Wacha, muke yangu,” akasema. “Usiharibishe vitu ya nyumba yetu.”