Kurasa Zilizochafuka

"Na hiki?" mkutubi aliuliza, amekinyanyua kitabu kwa vidole viwili kama mtu aliyemshika panya mkia.

"Kibaki, mama. Nitakishona."

"Umeshakishona mara nne, Mzee Gundi. Sasa kina uzi mwingi kuliko maneno."

"Watu bado wanakigombania."

Hapo alisema kweli, na mkutubi alijua. Kilikuwa kitabu cha tatu katika ule mfululizo wa majoka na falme, vitabu tisa vinene ambavyo havijawahi kukaa rafuni wiki nzima. Akakisukuma upande wa vinavyobaki, akashika kingine. Ilikuwa siku ya kuchambua vitabu, inayokuja mara moja kila baada ya miaka miwili, na sheria yake haina huruma: kitabu ambacho hakikuazimwa hata mara moja katika miaka hiyo miwili kinaingia boksini, na maboksi yanakwenda kiwandani kusagwa yawe trei za mayai. Siku hiyo wasomaji hawaingii, isipokuwa wenye vitabu vya kurudisha.

Gundi alikuwa na lake moyoni. Katika rafu ya majoka, kati ya kitabu cha sita na cha saba, aliwahi kuchomeka kitabu chenye jalada la kijani kiitwacho *Mlinzi wa Lango la Chumvi*. Hakikuwa na jina la mwandishi. Mwandishi alikuwa yeye. Miaka miwili iliyopita alikitengenezea kadi na namba, akakisimamisha pale na wenzake, na hakumwambia mtu yeyote kazini. Leo asubuhi, kabla mkutubi hajafika, alikwenda kukiaga. Akakuta pengo.

Jamani! Alilikimbilia sanduku la kadi kama kijana. Kitabu kikiazimwa, kadi yake hubaki maktaba, na ya kwake ilikuwemo. Mihuri saba. Akahesabu upya kwa kucha: saba kweli, na pembeni mwa kila muhuri namba ya msomaji ni ileile. Mtu mmoja, mara saba, na anatakiwa kukirudisha leo. Akakaa juu ya boksi.

Mtu asidhani Gundi alikuwa msomi. Miaka ishirini na sita alikuwa kwenye chumba cha nyuma, kati ya choo na ngazi, yeye na sindano zake, bonge la nta, kibanio cha mbao na kopo la gundi, akishona vitabu vilivyovunjika migongo. Jina alilopewa na wazazi wake hakuna aliyelikumbuka pale. Kazi hiyo ina kanuni moja: kabla hujapitisha uzi, soma mstari wa mwisho wa ukurasa huu na mstari wa kwanza wa ukurasa unaofuata, uone kama vinaungana. Ndivyo alivyoyasoma majoka, kwa vipandevipande vya maungio. Siku moja uvumilivu ukamshinda, akarudi mwanzo akasoma yote, gundi ikamkaukia kwenye brashi.

Halafu akaanza kuuona uchafu. Zilikuwepo kurasa nyeupe pepepe, na zilikuwepo kurasa zenye alama za dole gumba, nyeusi, moja juu ya nyingine. Yeye ndiye aliyekuwa akizisafisha kwa kifutio, kwa hiyo hakuna aliyezijua zaidi yake. Akajiuliza kwa nini hapa na si pale. Jibu likamjia, na lilikuwa tamu mno kiasi kwamba hakuligeuza kuliangalia upande wa pili: hapa ndipo watu wanapopapenda. Kwingine wanapita tu, hapa wanakaa. Wenye bahati zao hufundishwa kuandika vyuoni. Yeye alifundishwa na vidole vya watu.

Akanunua daftari, akaanza kuandika masomo. Kwamba ramani ikae mwanzoni, kwa sababu ndiyo inayong'olewa kabla ya yote, na mtu haibi asichokitaka. Kwamba mchawi lazima aulipie uchawi wake, maana ule ukurasa ambapo mchawi anawasha moto kwa neno moja, na papo hapo anaisahau sura ya mama yake, ulishikwashikwa mpaka herufi zikafifia. Lakini kurasa zilizochafuka kuliko zote, katika vitabu vyote tisa, hazikuwa za vita wala za majoka. Ni zile ambazo wasafiri wamechoka, wameketi kuuzunguka moto, wanakula na kukumbushana makwao. Vita vilikuwa visafi kama shuka la hospitali. Akaandika kwa herufi kubwa, akapiga na mstari: WAKALISHE MOTONI, USIWAHARAKISHE.

Kitabu chake kilimchukua miaka kumi na moja, kila siku ya mapumziko, kwenye meza ya kulia chakula iliyotiwa kigae chini ya mguu mmoja isiyumbe. Mke wake, mfagiaji wa wodi, akirudi kazini alikuwa akivua viatu mlangoni na kuchungulia.

"Hao watu wako bado wanaota moto tu, mume wangu? Si wangekuwa wameshafika!"

"Mama, kazi hii huijui."

"Haya. Mimi simo. Ila vikaratasi vyako vifagie mwenyewe, mimi nimefagia kutwa nzima."

Binti yao, karani katika ofisi fulani, alikipiga chapa kwenye kompyuta ya kazini saa za chakula cha mchana. Alipomaliza akasema ni kizuri, baba. Gundi akauliza sehemu gani. "Yote," binti alisema. Na Gundi, mtu mzima na mvi zake, akaridhika na jibu hilo.

Kwa hiyo leo alikuwa akibeba maboksi na masikio yako mlangoni. Akiulizwa swali anajibu lingine. Mkutubi alipofika kwenye kadi ya kitabu cha kijani akakunja uso.

"*Lango la Chumvi*. Kimeazimwa mara saba hiki. Mbona sikikumbuki?"

"Vitabu ni vingi, mama," Gundi alisema, akageukia ukutani kuficha meno.

Mara saba! Alikuwa akiwaza huyo mtu anafananaje. Pengine mwalimu, pengine mgonjwa wa muda mrefu asiyetoka kitandani. Alitaka jambo moja tu kwake, wala hakutaka sifa. Alitaka aambiwe kwamba yule mlinzi wa lango, aliyemtunga kwa miaka kumi na moja, amewahi kuishi hata siku moja ndani ya kichwa cha mtu mwingine. Likipatikana hilo, Gundi angekufa bila deni na dunia.

Saa tisa alasiri ikasikika hodi. Akaingia mwanamke wa makamo, mnene kidogo, vidole vyake vimekuwa vyeusi kwa rangi ya kupaka mikoba. Gundi alimtambua: fundi mikoba mwenye kibanda nyuma ya stendi. Kwapani alikuwa na kitabu cha kijani.

"Nimechelewa?"

"Hujachelewa, dada. Hujachelewa kabisa." Gundi alimfikia kabla ya mkutubi, akakipokea kwa mikono miwili. Kitabu kikajifungua chenyewe ukurasa wa kumi na nane, na pale pembeni, juu ya wasafiri wake waliokaa motoni, palijaa alama za dole gumba, nyeusi ti, zimepandana. Machozi yalimlengalenga. Ilikuwa kama alivyoandika kwenye daftari. Watu wake walikuwa wamependwa, na ushahidi huu hapa.

"Sijakichana, kaka," yule fundi alisema kwa wasiwasi. "Huo uchafu ni rangi tu, hainitoki mikononi."

"Hakuna neno. Nilitaka kukuuliza tu." Swali hili alikuwa amelifanyia mazoezi tangu asubuhi, na bado likamtoka limepinda. "Umekiazima mara saba. Umekipendea nini?"

Uso wa fundi ukang'aa. "Ni wewe unayevishona?"

"Ni mimi."

"Basi mkono wako nauheshimu!" Akakichukua kile kitabu, akakigeuza, akakipanua mgongo mpaka uzi ukaonekana. "Huu mshono hapa. Unaona unavyopita, ukarudi, ukajifunga wenyewe? Vitabu vyenu vingine havina. Mikoba yangu inaachia mipini, wateja wananisema mpaka basi. Nimeuchora huu, nimeuiga, nikifika kwenye kona unanipotea. Nikisharudisha kitabu, nasahau. Ndiyo naazima tena."

"Na hadithi?"

"Hadithi gani?"

"Iliyomo ndani, dada."

Mwanamke akacheka, akajifuta paji la uso kwa kiganja. "Nikufiche nini, kaka yangu? Nilijaribu. Mwanzo si mbaya, kuna ramani, kuna lango. Mara wakakaa motoni. Wakakaa, wee! Wakala, wakaanza kusimuliana habari za kwao, nikapitiwa na usingizi kidole kikiwa humo ndani. Kila nikikiazima najitahidi, nalala palepale. Siku hizi nikikosa usingizi mume wangu ananiambia, si ukachukue kile cha moto!"

Mkutubi alicheka mpaka akashika meza. "Usiseme, shoga yangu! Hata haya majoka, wakishakaa kula tu, mimi chali. Mwulize Mzee Gundi, kila siku anasugua madole ya watu hapohapo. Watu wanalala na vidole ndani! Penye vita nani ana nafasi ya kuchafua? Unapeperusha tu uone nani kafa."

Gundi naye akacheka, maana asingecheka angeulizwa. Ndani alikuwa amevunjika. Miaka yote hiyo alikuwa akizifuata alama za watu waliolala, akiziokota moja moja kwa uangalifu, akazifanya kitabu. Alitaka kuuliza kuhusu ule ukurasa wa mchawi aliyesahau sura ya mama yake, kama hapo nako ni usingizi. Akaogopa jibu. Mke wake aliyaona yote haya zamani, akiwa mlangoni kwao, anavua viatu.

"Nani kakiandika, kwani?" mkutubi alikuwa akikichunguza. "Hana hata jina. Ana akili, kajificha." Akakiweka upande wa vinavyobaki. "Haya, mara saba si mchezo. Hiki kinakaa."

"Kiende," Gundi alisema.

"Mzee, una homa? Umepigania mpaka vilivyoliwa na mchwa. Hiki kinaazimwa."

"Hakijasomwa, mama. Kiende."

Mkutubi alimtazama, akaona kitu ambacho hakukielewa, akakiondoa kitabu bila kubisha. Akapiga mstari juu ya kadi.

"Kama mnakitupa," yule fundi mikoba akasema taratibu, kama mtu anayeomba maji nyumba ya ugeni, "nipeni mimi nikifumue. Nikiona ndani nitaelewa."

Ilikuwa ni nakala moja tu. Karatasi zilizoandikwa kwa mkono Gundi alizichoma mwenyewe siku alipomaliza kukishona, kwa furaha, akijua kimeshakuwa kitabu na hakihitaji tena kurudi nyuma. Binti yake alibadilisha ofisi, na kompyuta ile ilibaki huko.

"Njoo huku," Gundi alimwambia.

Akamkalisha kwenye kiti chake, chumba cha nyuma, dirishani penye mwanga. Akamtolea jalada la kijani kwa mkono mmoja, kwa namna anayoifahamu yeye, bila kutoa hata sauti. Akampa kisu kidogo, akamwonyesha fundo la kwanza lilipojificha.

"Kata hapo. Hapo tu. Kwingine usiguse, vuta."

Fundi akakata, akavuta. Uzi ulitoka mzima, mrefu, bado una nta, na mafungu ya kurasa yakaachana moja baada ya jingine yakatawanyika mezani. "Kumbe unazunguka mara mbili!" yule mwanamke alipaza sauti. "Mara mbili! Ndiyo maana! Mungu wangu, nimehangaika mwaka mzima."

"Sasa ushone wewe."

"Hizihizi?"

"Hizihizi. Mkono ndio unaojifunza."

Fundi akaupitisha uzi kwenye tundu la sindano, akauvuta juu ya nta, akaokota fungu lililokuwa karibu, bila kutazama namba za kurasa. Kisha jingine lililokuwa karibu na lile. Gundi alikuwa amesimama nyuma ya bega lake, na macho yake, kwa mazoea ya miaka ishirini na sita, yalikwenda kwenye mstari wa mwisho na mstari wa kwanza. Mlinzi alikuwa amekufa langoni. Fungu lililofuata, hajazaliwa. Lililofuata, limelazwa kichwa chini miguu juu, wenzake wanamlilia. Mwanamke alikuwa akishona kwa furaha, ulimi umetokeza kidogo kwenye kona ya mdomo, na mshono wake ulikuwa unanyooka.

"Hivi niko sawa, kaka?"

Gundi aliinama, akaangalia kona.

"Uko sawa," alisema. "Kaza kidogo tu hapo, uzi usilegee."