Homa Ipi?

Mtoto wa mdogo wangu alikatishwa dawa ya malaria katikati ya dozi. Aliyemkatisha ni baba yake mwenyewe, na alikuwa anafuata alichoambiwa.

Dirishani pale zahanati watu walikuwa wanasukumana. Muuguzi akampa mdogo wangu vidonge vya malaria na chupa ya dawa ya kushusha joto, vyote mfuko mmoja. "Hiyo ya homa, ukiona homa imekwisha, acha." Alimaanisha chupa. Lakini sisi malaria tunaiita homa tangu tuzaliwe. Mdogo wangu akaelewa ni mfuko mzima.

Kesho yake joto likashuka. Mtoto tunamwita Bosi, kwa jinsi anavyotuamrisha. Akaja gereji tunakofanya kazi, akapanda juu ya tairi.

"Baba Mkubwa, mbona umekaa? Kazi zinakungoja!"

"Shikamoo bosi," nikamwambia. "Naona umepona."

"Kapona huyo," baba yake akadakia kutoka chini ya gari. "Domo limerudi."

Nyumbani shemeji akauliza kuhusu vidonge vilivyobaki.

"Homa si imekwisha, mama?" mdogo wangu akamjibu. " Vichungu vile, anatapika bure."

Wiki haikuisha. Bosi alikuwa anaogeshwa, akakakamaa, macho yakageuka meupe. Tukamkimbiza hospitali kwa gari la mteja, mwenyewe hatukumuuliza.

Daktari hakuficha kitu. "Vijidudu vikipasua chembe za damu, chembe za ulinzi zinamwaga kemikali. Kemikali hizo ndizo zinaleta joto, ndizo zinauamsha mwili upigane. Joto mmelishusha, vijidudu mmeviacha vizaliane. Sasa vimeziba mishipa ya kichwani, na mwili umemwaga kemikali kupita kiasi. Silaha yake mwenyewe inamuumiza ubongo."

"Niliambiwa homa ikiisha niache," mdogo wangu akasema. "Ikaisha, daktari. Nilimgusa kwa mkono wangu huu."

"Homa ipi?"

Akanitazama mimi, kaka yake, kama vile ninalo jibu.

Mtoto hakufa. Jicho la kushoto halioni. Mkono wa kulia haushiki kijiko. Akitembea anashika ukuta, na degedege linamrudia. Shemeji amerudi kwao na mtoto. Mdogo wangu akienda kumwona anaruhusiwa kukaa, anapewa maji ya kunywa. Kumbeba haruhusiwi.