Kichwa Kisicho na Kovu

Siku nne nzima Mbuke alimfundisha mumewe majibu ya kumpa daktari, kama mtoto anayejiandaa kwa komunyo. Maduhu akikosea, alimrudisha mwanzo. Mtu anayesahau mbele ya wakubwa huitwa mlevi, na mlevi halipwi fidia. Bila fidia hakuna kurudi Shinyanga kulima; ni kushuka tena shimoni.

Sasa Maduhu alikuwa amesimama mbele ya daktari wa mgodi, kofia mkononi. Karani Stanslaus alikuwa akitafsiri.

"Bwana Daktari anauliza, jiwe lilikupiga kichwani lini?"

"Jumanne, tarehe kumi na tatu Oktoba, mwaka huu wa hamsini na tatu. Shimo la pili, zamu ya asubuhi. Nyapara alikuwa Pantaleo."

Hakusita hata mara moja. Mlangoni Mbuke alishusha pumzi.

Daktari akampapasa kichwa, kisha akatazama jedwali la serikali lililokuwa mezani. Kidole gumba kilikuwa na bei yake, jicho bei yake, mguu chini ya goti vilevile. Kichwa kizima kisicho na kovu hakikuandikwa popote. Akaandika mstari mmoja, Stanslaus akausoma.

"Kumbukumbu nzuri. Anafaa kwa kazi nyepesi."

Mbuke akaingia bila kuitwa. "Shikamoo, Bwana Karani. Mwambie Daktari, huyu mume wangu anasahau. Juzi kamwacha mtoto wetu Sikujua kisimani, karudi na debe la maji tu. Hata hakujua alikwenda na nani."

"Mama, tumemsikia wenyewe. Anakumbuka kunishinda mimi."

"Nilimfundisha. Siku nne nimemfundisha."

Stanslaus akatafsiri. Daktari hakuinua macho.

"Anasema, anayefundishika hana ugonjwa wa kichwa. Na kama mlipanga maneno ya kuja kuyasema hapa, hayo ni ya polisi. Anauliza, ayaandike?"

Mbuke akatikisa kichwa. Alijichukia kuliko alivyowachukia wao. Laiti angemwacha mumewe aje jinsi alivyo, akababaika, akalia kama alivyolia nyumbani.

"Twende, Baba Sikujua," alisema.

Jumatatu Maduhu alipewa hiyo kazi nyepesi. Nyapara Pantaleo alimshusha mpaka mahali ambapo matundu kumi na manne yalikuwa yametobolewa ukutani na kujazwa baruti. Watu wote walijificha kwenye kona, naye akawekwa mbele yao kuhesabu milipuko. Mmoja ukikosekana, hakuna anayerudi pale, kwa sababu mtoboaji akiigusa baruti iliyobaki, mkewe huletewa buti zake tu.

"Kumi na nne," alisema Pantaleo. "Usiongee na mtu. Hesabu tu."

Wa kwanza ukalia. Maduhu akakunja kidole. Wa pili, wa tatu. Kwenye wa sita maumivu yalimshika nyuma ya jicho na ukuta ukaanza kumwinamia. Ikasikika miwili pamoja, au labda ulikuwa mmoja na mwangwi wake. Alitazama mikono yake. Vidole vyote vilikuwa vimenyooka.

Kukawa kimya. Nyuma yake watoboaji sita waliinuka na mashine zao.

"Mingapi?" Pantaleo aliuliza.

Maduhu alivitazama tena vidole vyake. Akisema hajui, kesho hana kazi, na fidia hana.

"Mingapi, wewe?"

"Yote."

Wakampita mmoja mmoja kuelekea ukutani. Wa mwisho, mtoboaji aliyeitwa Januari, alimgusa bega akamshukuru.