Dakika Nane za Chumba cha Picha

Kompyuta ilinikataa kwa mara ya sita, na simu kutoka chumba cha upasuaji ikalia tena.

Mzee Long alikuwa amelazwa mezani, ghorofa ya nne. Picha za kifua chake za mwaka uliopita nilikuwa nazo mimi, chini ya ngazi, tulikokaa wasichana wanne tukiingiza picha za zamani kwenye kompyuta. Bila hizo daktari hakutaka kushika kisu.

Jana yake ningezituma huku nasinzia. Mafaili ya hospitali yalitawanyika kwenye mashine kumi na mbili, kila moja na neno lake la siri, nami niliyeishia darasa la sita niliyajua yote kama majina ya ndugu zangu. Asubuhi hiyo Mhandisi Geng, aliyekuwa akijenga mfumo mpya kwa miezi mitano, alikuwa ameyafuta maneno hayo. Sasa unajitambulisha mara moja, unapewa kibali, na mashine zote zinakiamini. Hospitali nzima ilikuwa imepita. Kompyuta yangu tu ndiyo iliyogoma.

Geng alipiga magoti chini ya meza, akivuta nyaya. Dada Luo, msimamizi wetu, alimsimamia kichwani, akamuuliza miezi mitano yote hiyo alikuwa anajenga mlango au ukuta. Geng alijisemea tu kwamba jina ni sahihi, neno la siri ni sahihi.

"Kibali kinaangalia saa," akasema. "Saa ya kompyuta ikipishana na za nyingine kwa zaidi ya dakika tano, inakataliwa. Lakini saa ya humu nani angeigusa?"

Nikaitazama saa ya kompyuta yangu.

Majira ya baridi yaliyopita, supu chachu ya samaki ilikuwa ikiisha kabla hatujaifikia foleni ya mgahawa. Dada Luo alituachia kwenda kula kwa kutazama saa ya kompyuta yangu, basi nikaisogeza mbele. Dakika mbili. Kisha nne. Kisha nane. Wenzangu walinicheka, wakanywa supu. Na mlangoni palibandikwa onyo: atakayegusa mipangilio ya mashine, kazi hana.

Simu ikalia. Wenzangu wakatazama vidole vyao.

"Mhandisi," nikasema, "saa iko mbele dakika nane. Ni mimi."

"Kwa nini?"

"Supu ya samaki."

Hakucheka. Aliirudisha saa nyuma, nikajitambulisha upya, na picha zikapanda ghorofa ya nne.

"We Xinglan," Dada Luo akasema polepole, "kumbe ndiyo maana nimenenepa."

Kufukuzwa kwangu au la kulitegemea barua ya kujikosoa, maneno mia tano, isomwe mbele ya idara. Geng alinijia pembeni, akataka aniandikie. Nikakataa. Ilinichukua Jumapili mbili, na maneno mengine nilimuuliza mlinzi yanavyoandikwa.

Siku ya kusoma, nilisoma mpaka mwisho na sauti haikukatika. Mkuu wa idara akaniuliza kama nina la kuongeza.

Nikamuuliza Mzee Long anaendeleaje.

"Hilo halimo kwenye barua," akasema. Akageuka kushoto na kulia. Basi akamtuma mtu juu akaulize, nasi sote tukakaa kumsubiri.