Glavu ya Gari la Marehemu

Mafundi wana namna ya kupima pumzi za injini ambayo hutaikuta kitabuni. Unafungua kifuniko cha oili, unavalisha glavu ya mpira juu ya lile tundu, unaikaza kwa rababendi, kisha unawasha gari. Injini yenye afya huivuta glavu ndani mpaka vidole vyote vikazama. Injini yenye maradhi huipuliza, ikavimba, ikasimama wima juu ya mashine kama mkono wa mtu anayeomba nafasi ya kusema. Wateja hucheka wakiuona. Fundi hacheki, maana anajua kinachofuata.

Kinachofuata ni hiki. Kila injini huvujisha moshi kidogo kando ya pistoni, ukashuka hadi kwenye makazi ya oili. Moshi huo lazima upate mlango, na mlango wenyewe ni vali ya plastiki unayoweza kuificha kiganjani. Kwenye gari la turbo vali hiyo ina kazi ngumu zaidi. Turbo ikianza kusukuma hewa, hasa mlimani, vali isiyojua saa ya kufunguka na saa ya kujifunga huacha shinikizo lijae ndani mpaka lijitafutie pa kutokea. Hutokea kwenye sili, zile pete za mpira zinazozuia oili isivuje. Oili humwagikia turbo, ambayo saa hiyo imeiva kwa moto, na gari zima huteketea kwa ajili ya kidude kisichofika uzito wa yai.

Haya yote Mama Gasketi aliyajua kama anavyojua jina la mwanawe. Ndiyo maana alichokifanya hakina utetezi, na mimi sitamtetea.

Jina hilo alipewa na wateja kwa sababu alikuwa akikata gasketi, vile vizibo bapa vya kwenye maungio ya injini, kwa mkono, kutoka kwenye kipande chochote cha karatasi ngumu, na ikakaa. Gereji ilikuwa ya mumewe. Mume alipofariki, yeye alivaa ovaroli la marehemu, akalikunja mikono na miguu, akaendelea na kazi bila kubadilisha hata bango la mlangoni. Gari la marehemu lilibaki nyuma ya gereji chini ya turubai, dogo, la buluu iliyoiva, lenye turbo. Marehemu alilitamkia gari hilo mapenzi, jambo ambalo watu wa nyumbani kwake hawakulizoea.

Binti yao ndiye aliyelitoa turubai. Alikuwa amepata kazi ya kupeleka dawa kwenye zahanati za juu mlimani, kazi aliyoihangaikia hadi soli za viatu zikaisha, na sharti lilikuwa moja tu: aje na gari lake.

"Mama, nipimie tu kama linaweza mlima," alisema. "Wakinipa tarehe nisihitaji kujitetea."

Mama Gasketi alivalisha glavu, akawasha. Glavu ikajaa upepo, ikasimama. Vali imekwama, basi, hakuna cha ajabu. Alikuwa ameshanyoosha mkono kwenye swichi ya waya ambayo mafundi huzimia wakiwa kwenye boneti, alipoona kwamba kidole kidogo hakijanyooka. Vinne vilisimama, cha tano kilikunjika kuelekea kiganjani. Alikinyoosha. Kikajikunja tena. Akatoa glavu nyingine mpya kwenye boksi, akaivalisha, na hiyo nayo ikasimama vilevile.

Feni ya rejeta ilimvunja marehemu kidole hichohicho akiwa bado kijana, kikaungwa vibaya.

"Vipi?" binti aliuliza kutoka mlangoni.

"Vali. Itabidi niitafute."

Binti alipoondoka kwenda dukani, mama alibaki akiutazama mkono ule. Akaugusa, na ulikuwa na joto. Hilo lina maelezo, moshi wa injini ni wa moto. Lakini ulipojifunga juu ya vidole vyake, taratibu, na kidole kile kilichokunjika kikatulia katikati ya kiganja chake, hakutafuta maelezo. Alisimama pale injini ikinguruma, akalia kilio ambacho hakikumtoka hata msibani.

Ni lazima mjue kwamba marehemu hakuwa mtu wa kushika mkono. Alikuwa mume mwema kwa kipimo chake: hakupiga, hakulewa, hakukopa. Ila barabarani alitangulia hatua kadhaa mbele, na akivuka hakugeuka kuangalia kama mkewe amevuka. Mama Gasketi aliishi na mgongo wake. Sasa mtu huyo yuko ardhini, na ndipo anampa mkono.

Vali aliipata kesho yake asubuhi. Akaileta, akaitoa kwenye pakiti, akaiangalia, akairudisha, na kuitia kwenye droo chini ya matambara. Binti aliporudi, mama akamwambia bado haijapatikana.

Ikawa ndiyo desturi ya mchana. Binti akienda kula, mama anafunga geti, anawasha gari, anavalisha glavu na kuvuta kigoda. Jirani yao, mshona viti vya magari, rafiki wa marehemu tangu enzi, alisikia mngurumo huo akachungulia juu ya ukuta.

"Shemeji, hilo gari linakunywa mafuta kila siku na halina safari. Limeolewa hapo?"

"Nalipasha moto, shem."

"Ukilipasha hivyo litaiva." Alicheka, kisha macho yake yakaangukia kwenye boneti iliyo wazi na mkono wa shemejiye ulivyokaa. Kicheko kikakatika. Akashuka, na baada ya siku hiyo cherehani yake ilikuwa ikinyamaza saa za mchana.

Mkono nao ulikuwa ukizidi nguvu. Mwanzoni uliachia mara injini ilipozimwa. Baadaye ulichelewa. Siku moja Mama Gasketi alibonyeza swichi, mashine ikafa kabisa, lakini glavu ikabaki imejaa na imemshika, kimya, na hakuna pumzi popote ya kuijaza. Alipofanikiwa kujinasua, kifundo cha mkono wake kilikuwa na alama za oili, vidole vinne virefu na kimoja kifupi. Aliikagua glavu nje na ndani. Nje ilikuwa kavu, haijatoboka.

Mtu mwenye akili zake angeifunga ile vali mpya kwenye injini siku hiyo. Yeye aliosha mkono kwa sabuni ya unga, akashusha mkono wa ovaroli, na binti alipouliza habari za vali akajibu kwa ukali wa kumnyamazisha. Alikuwa na furaha, nalo hilo ndilo baya. Tangu ujana wake hakuwahi kusubiriwa na mtu.

Kisha binti akapigiwa simu na watu wa zahanati: aje kesho na gari, au kazi anapewa mwingine. Mama alikuwa ametoka kununua sili. Aliporudi, mahali pa gari palikuwa na turubai tu lililokunjwa vizuri.

Alijua mara moja limeelekea wapi, kujaribiwa mlimani. Akakaa chini sakafuni, na kichwani akaona hatua kwa hatua, kwa ustadi wake wote wa kazi, jinsi mwanawe atakavyoungua. Aliiona sili ikisukumwa nje. Akaona oili inavyotiririka. Alipompigia, simu ya binti ililia palepale mezani, alikuwa ameisahau.

Binti alirudi jua likiwa bado juu. Lile gari liliingia getini likiserereka injini ikiwa imezimwa, moshi wa buluu ukitoka kwenye boneti, na yeye anakanyaga breki kwa miguu yote miwili. Alishuka akikohoa, uso umepauka. Oili ilikuwa imetapakaa mpaka kwenye kioo.

"Nimezima mara nilipoona moshi," alisema. "Nimeteremka nalo hivihivi." Alikwenda kwenye droo kutafuta tambara la kujifuta, akavuta moja, na pakiti ikaja nalo. Aliisoma. Akaona imefunguliwa na kubandikwa tena.

"Hii ni vali ya gari hili."

"Ndiyo."

"Imekaa hapa tangu lini, mama?"

Angesema nini? Kwamba baba yako amejifunza kunishika mkono?

"Ulitaka nife?" binti aliuliza. Hakupaza sauti. Ingekuwa afadhali angepaza.

"Hapana. Wallahi hapana, mwanangu."

"Basi ifunge. Sasa hivi, huku nikiangalia."

Waliosha injini pamoja, wakabadilisha sili, wakamimina oili mpya. Mama aliitoa vali ya zamani, ikiwa imejaa masizi mazito, akafunga mpya. Alipokaza bolti ya mwisho alihisi amemfukia mtu kwa mara ya pili.

"Pima," binti alisema.

Glavu ikavalishwa, gari likawashwa. Haikusimama. Ikanywea, ikazama kwenye tundu vidole vikitangulia, kama inavyotakiwa. Binti alivuta pumzi, na kwa mara ya kwanza siku hiyo akatabasamu.

"Inavuta, mama. Inavuta vizuri mno." Akatia vidole vyake viwili kwenye ile glavu iliyozama, mchezo wa watoto wa gereji wote, kusikia nguvu ya mvuto.

Tabasamu likaganda.

"Mama. Kuna kitu kimenishika."

Mama alizima injini. Mashine ikanyamaza, lakini mkono wa binti ukaendelea kwenda chini, kiganja kikiminywa kuingia kwenye tundu ambalo hata yai lisingepita. Binti hakupiga kelele. Alisema tu, kwa sauti nyembamba, kwamba kina joto, na kwamba kinamvuta.

Mama Gasketi aliinamia injini mpaka paji la uso likagusa chuma. Hakuogopa. Alikuwa na hasira ya mke, ile ya miaka yote aliyoimeza barabarani.

"Mwachie mtoto," alisema ndani ya tundu. "Huyu hukuitwa kumchukua. Mwachie. Nitakuja mwenyewe."

Halafu mkono wa binti ukatoka kwa ghafla, akaanguka kwa nyuma, na glavu ikabaki imelegea juu ya tundu, mpira mtupu.

Binti alikaa sakafuni akiushikilia mkono wake, akimtazama mama yake.

"Utakwenda wapi?"

"Kesho uende na gari," mama alisema. "Sasa ni zima. Mlima wote litapanda."

"Mama, umesema utakwenda wapi?"

Mama alikuwa amepiga magoti, anamfuta mwanawe oili mkononi kwa upande safi wa ovaroli la marehemu, na alifuta kwa muda mrefu, kwa upole sana.